Nchi ya Ahadi Karibu na Sisibo

Wanafunzi wangu wa Kitengela wanawajua Wayahudi wengi kwa majina. Musa na Haruni wanawajua, Esta wamemwigiza kanisani, Zakayo wamemwimba tangu chekechea. Safari ya Paulo kwenda Rumi wanaweza kukuchorea bandari kwa bandari. Lakini waulize Wayahudi walikwenda wapi baada ya Matendo ya Mitume, na darasa zima linatazama dari. Kwao Myahudi ni mtu wa Biblia, kisha ghafla ni mtu wa taarifa ya habari ya saa moja usiku. Katikati kuna pengo la karibu miaka 1,900, na pengo hilo halikai tupu. Hujazwa na uvumi wa vijiweni na video fupi za simu, ambamo Myahudi ama ni mtakatifu asiyekosea, ama ni jitu linalomiliki benki zote za dunia.

Hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika hadithi. Mimi ni mwalimu wa historia, si Myahudi, na sikuwa na nia ya kuwa mwandishi. Nilianza kwa ajili ya kikundi cha vijana tunaokutana nao Jumamosi alasiri, wengi wao wakiwa watoto wa wafanyakazi wa viwanda vya EPZ pale Athi River na wa wafugaji wa Isinya. Baadaye watu wazima wakaja kusikiliza, nikaanza kualikwa hadi Kajiado mjini. Kila ninapokwenda huulizwa kwa nini nisiandike habari za Wamaasai, Wakamba au Wakikuyu, ambao ndio tuliojaa hapa. Jibu langu ni kwamba hao ndio ninaowaandika. Historia ya Wayahudi, ukiifuata bila haraka, inapita mlangoni petu.

Mlango wenyewe ni mwaka 1903. Aprili mwaka huo, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya Urusi, Wayahudi 49 waliuawa katika siku za Pasaka, baada ya gazeti la huko kueneza uzushi kwamba Wayahudi humuua mtoto Mkristo ili watumie damu yake. Wakati huohuo Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna aliyeongoza harakati za Kizayuni, alikuwa akibisha hodi kwa wakubwa wa Ulaya akitafuta mahali ambapo watu wake wangeweza kuishi bila kuwindwa. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa ametoka kuizuru Afrika Mashariki mwishoni mwa 1902. Alipanda reli mpya ya kutoka Mombasa, akaona nyanda za juu zenye baridi, akaona zinafaa. Mpango wake uliitwa wa Uganda, na jina hilo limeng'ang'ania hadi leo, ingawa eneo lenyewe, kiasi cha maili za mraba 5,000, lilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, uliokuwa umeshaingizwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya.

Ukiwaambia vijana wa Kitengela kwamba kidogo tu Nchi ya Ahadi ingekuwa karibu na Sisibo, yaani Eldoret, kwanza wanacheka. Kila mmoja ana shangazi au rafiki anayeishi huko, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba mji huo ulijadiliwa Uswisi kabla haujakuwepo. Kisha wanasikia yaliyotokea Basel, Agosti 1903, na kicheko kinaisha. Wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Sita wa Kizayuni walipiga kura kama watume watu wakaikague ardhi hiyo: 295 wakakubali, 178 wakakataa. Wajumbe wa Urusi, ambao ndugu zao ndio waliokuwa wakiuawa, wakatoka ukumbini. Baadhi yao waliketi sakafuni wakalia, kama wanavyoketi wanapoomboleza kuanguka kwa Hekalu la Yerusalemu.

Vijana hawaelewi. Mtu anachinjiwa jamaa zake, anapewa ardhi, halafu analia? Mwalimu anayefundisha kwa kitabu angeeleza sababu tatu, awaandikie ubaoni, mtihani ukija wazitapike. Mimi huwapa kalamu. Nawaambia: wewe ni mjumbe, ni usiku, kesho unapanda treni kurudi kwa watu waliokutuma, andika utakachowaambia. Humo ndimo Kitengela inapofanya kazi ya ualimu kuliko mimi. Mji huu umejengwa na watu waliotoka Kisii, Kitui, Kakamega, Murang'a, wakanunua ploti ya hamsini kwa mia, wakajenga, wakazaa. Lakini mzee akifa, harambee inafanywa, basi linakodiwa, jeneza linafungwa juu, na safari ya usiku inaanza kwenda kumzika nyumbani. Msichana mmoja aliandika mjumbe wake akisema kwamba hakatai kupewa mahali pa kulala. Anakataa kuambiwa kwamba hapo ndipo atakapozikwa. Sijapata kuisoma hoja ya wapinzani wa Basel ikielezwa kwa maneno machache zaidi ya hayo.

Nilichojifunza hapo nakitumia hadi leo: historia ya watu wa mbali huingia kichwani mwa msikilizaji kupitia swali ambalo tayari analo. Kajiado swali hilo halihitaji kutafutwa. Shuka Barabara ya Namanga utaliona limepakwa rangi nyekundu kwenye kuta na mageti: ardhi hii haiuzwi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa miaka ya 1980, na tangu hapo watoto wa hapa wamekua wakisikia habari za mabroka, hatimiliki mbili za shamba moja, na babu aliyetia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Kwa hiyo nikifika kwa Chamberlain na maili zake 5,000, sihitaji kuuliza chochote. Wananitangulia: ardhi hiyo ilikuwa ya nani?

Uasin Gishu ni jina la tawi la Wamaasai lililovunjwa na kutawanywa na vita vya karne ya 19. Wakati Chamberlain anaigawa, Wanandi walikuwa wakichunga mifugo upande huo na walikuwa bado wanapigana na Waingereza. Vita havikuisha hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905. Waungwana wa London na Basel walibishana kwa miezi, walowezi Wazungu wa Nairobi wakaunda kamati ya kupinga, Lord Delamere akapeleka telegramu kwa gazeti la The Times. Wote hao waliulizwa au walijiuliza wenyewe. Wenye ng'ombe hawakuulizwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hupona akiwa ameambiwa kwamba mgeni anakuja.

Mwaka mmoja baada ya kura ya Basel, tarehe 10 Agosti 1904, Olonana, kiongozi wa Wamaasai, na wazee wenzake walitia alama kwenye mkataba wa kuwaondoa Wamaasai Bonde la Ufa, upande wa Naivasha, ili walowezi wapate nafasi kando ya reli. Kundi moja lilipelekwa Laikipia, jingine kusini, huku kwetu. Mkataba wa pili, wa 1911, uliwatoa tena watu wa Laikipia na kuwaleta kusini. Parsaloi ole Gilisho na wenzake walipojaribu njia ya mahakama, kesi ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa kati ya mataifa mawili, kwa hiyo mahakama haikuwa na la kusema. Siku nilipoziandika tarehe hizo ubaoni sambamba, Basel kushoto na Olonana kulia, kijana mmoja aliinua mkono: "Mwalimu, kwani Waingereza walikuwa na Agosti ngapi?"

Hapo ndipo nilipopata riwaya yangu. Desemba 1904 tume ya watu watatu ilifunga safari kuikagua Uasin Gishu: Meja Alfred St. Hill Gibbons, Mwingereza mzoefu wa safari za Afrika. Alfred Kaiser, mtafiti wa Uswisi. Na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Walishukia Mombasa Januari 1905, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakaenda kwa miguu pamoja na wapagazi. Waliandika ripoti kuhusu maji, udongo na malisho. Gibbons aliona kwamba jambo lingewezekana kwa kiasi. Wenzake wawili wakakataa. Wapagazi waliobeba mahema yao hawakuandika kitu, na hakuna aliyeyaandika mawazo yao.

Msimulizi wangu ni mmoja wa wapagazi hao. Nimemtunga kutoka utosini hadi unyayoni, na nimejiwekea sheria ambayo siivunji. Gibbons, Kaiser na Wilbusch hawatendi katika kitabu changu jambo ambalo kumbukumbu hazilisemi. Mpagazi anaweza kutenda lolote, ila hawezi kujua asichoweza kukijua. Hajui Herzl ni nani, wala kwamba amekufa Julai iliyopita. Hajui neno Basel. Anachokijua ni mzigo wa ratili 60 kichwani, kamba inayokata paji, na kwamba Mzungu mdogo kuliko wenzake huokota udongo, akaunusa, akautupa.

Sura hiyo niliisoma Kajiado mbele ya watu wazima. Nilikuwa nimeipamba vizuri, nyasi zimekauka, upepo unavuma, Wilbusch anatikisa kichwa. Mzee mmoja wa Isinya, aliyekuwa ameegemea fimbo yake tangu mwanzo bila kusema neno, akaniuliza, "Walikwenda mwezi gani hao?"

"Januari, mzee, hadi Februari."

Akacheka hadi akafuta macho. "Mwalimu, mtu haendi kukagua malisho ya mwenzake wakati wa kiangazi, labda awe anatafuta sababu ya kukataa."

Nilirudi kwenye vitabu nikiwa na macho mapya. Wilbusch alikuwa wa kambi iliyotaka Palestina na Palestina pekee; wanahistoria wamelijadili sana suala la kama alikwenda akiwa na jibu mfukoni. Mzee wa Isinya alilifikia hapohapo alipoketi, kwa kuhesabu miezi. Nilimpa mpagazi wangu hekima hiyo, na sasa ndiyo sura ambayo wasomaji huitaja kwanza. Julai 1905 Mkutano Mkuu wa Saba ukaikataa Uasin Gishu, Israel Zangwill akajitenga na wenzake akaunda chama cha kutafuta ardhi popote, na mwaka 1908 Makaburu wakaingia uwandani na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Shamba namba 64 likawa Eldoret. Watu wakalitamka kwa ndimi zao, likawa Sisibo.

Lakini swali la msikilizaji, hata liwe zuri namna gani, lina hatari yake: linaweza kuimeza hadithi nzima. Mwaka uleule wa 1904, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Moshi, Moritz Merker, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu Wamaasai, akidai kwamba wao na Waisraeli wa kale wana asili moja. Alisema amekusanya kwao simulizi za bustani, gharika na amri kumi. Mwaka uliofuata Alfred Claud Hollis alichapisha kitabu chake cha lugha na ngano za Kimaasai, na humo gharika ya Merker haimo. Kimaa ni lugha ya Kiniloti, haina undugu na Kiebrania. Wataalamu wengi wanaona Merker alisikia aliyotaka kusikia, au alisimuliwa yaliyokwisha kutoka kwa wamisionari.

Nadharia hiyo haijafa huku kwetu. Nimeisikia kwenye harusi, nimeisikia mimbarini, na nimeombwa mara nyingi niitungie kitabu. Kingeuzika kama maji ya mtungi wakati wa ukame. Nimekataa, na sababu ninayowapa vijana ni hii: hadithi inayokusifu ndiyo inayostahili kukaguliwa zaidi. Mmaasai hahitaji kuwa kabila lililopotea la Israeli ili mkataba wa 1904 uwe dhuluma, na Myahudi wa Kishinev hahitaji kufanana na Mmaasai ili kilio chake kisikike. Swali la ardhi ni letu sote. Majibu yametofautiana, na ni katika kutofautiana huko ndipo historia inapoanza.

Mtu akitaka undugu wa kweli kati ya Afrika Mashariki na Uyahudi, nampeleka Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyekuwa amewatumikia Waingereza na kukosana nao, alisoma Agano la Kale, akaona tohara imeamriwa, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wafuasi wake, Abayudaya, walipigwa marufuku na Idi Amin wakaendelea kusali kwa siri. Hawadai kwamba damu yao ilitoka Yerusalemu. Wanasema waliichagua imani, wakaishika. Vijana wangu huiona habari hiyo kuwa ya ajabu kuliko ya Merker, na ni ya kweli.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya sisi waandishi: kumwamini shahidi kwa sababu tu ameandika. Aliyemuua Koitalel, Richard Meinertzhagen, baadaye alihudumu Palestina na akawa mtetezi mkubwa wa Wazayuni. Kwa mtunzi wa riwaya huyo ni zawadi: mtu mmoja, Nandi na Yerusalemu katika shajara moja. Ila imebainika kwamba shajara hizo alizipiga chapa upya na kuzirekebisha baadaye, na hata makusanyo yake ya ndege yaligunduliwa kuwa na udanganyifu. Namtumia kwa tahadhari. Anapopingana na kumbukumbu nyingine, ananyamaza. Kizazi cha Wanandi kinachosimulia jinsi Koitalel alivyoitwa kwenye mazungumzo ya amani hakikuwa na shajara, na hakina sababu ya kupewa uzito mdogo.

Somo gumu kuliko yote ni la mauaji ya Wayahudi wakati wa Hitler. Sianzi na milioni 6. Namba hiyo hupita juu ya kichwa cha mtoto kama ndege inayokwenda Wilson. Naanza na Stefanie Zweig, aliyezaliwa 1932 Leobschütz na kuletwa Kenya 1938 akiwa bado mtoto. Baba yake alikuwa wakili Ujerumani; hapa akawa msimamizi wa shamba la watu, asiyejua ng'ombe wala mahindi. Mwaka 1995 Zweig aliandika riwaya ya maisha hayo, na filamu yake, Nowhere in Africa, ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 2003. Moyo wa kitabu hicho ni mpishi wa familia, Owuor, Mjaluo anayemlea mtoto na kumfundisha nchi.

Vijana wangu walipomsikia Owuor waligundua jambo ambalo ripoti ya mkutano wa Évian wa Julai 1938, ambako nchi 32 zilikutana na karibu zote zikafunga milango yao kwa wakimbizi, isingewafundisha. Walisema, hawa ni Wazungu waliofukuzwa na Wazungu. Nikawaongezea kisa cha hoteli ya Norfolk. Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali ya koloni iliwakamata wakimbizi hao kama Wajerumani, adui, na Zweig anasimulia jinsi wanawake na watoto walivyowekwa Norfolk. Mwenye hoteli alikuwa Abraham Block, Myahudi mzaliwa wa Lithuania aliyekuja hapa 1903 kutokea Afrika Kusini, mwaka uleule wa habari za Uasin Gishu.

Kisha nawapa zoezi. Wakati wa vita, jamaa waliotenganishwa waliandikiana kupitia Msalaba Mwekundu, na ujumbe haukuruhusiwa kupita maneno 25. Nawaambia: mwandikie mama yako aliyebaki nyuma. Kijana mmoja wa Isinya alitumia karibu maneno yote kuulizia ng'ombe kwa majina yao, akagundua yamekwisha kabla hajamuuliza mama hali. Wenzake walimcheka. Nikawaeleza kwamba jumbe nyingi za namna hiyo zilifika mwisho, zikaacha kujibiwa, na aliyeko Kenya hakujua ni posta, ni vita au ni kifo. Baada ya hapo ndipo milioni 6 huandikwa ubaoni, na ndipo huwa na uzito.

Leo, mtoto wa kikundi chetu akipita kwenye makutano ya University Way na Uhuru Highway anajua kwamba jengo lile ni sinagogi, na kwamba jumuiya yake ina umri unaokaribia ule wa Nairobi yenyewe. Hilo ni jambo dogo. Kubwa ni lile ninalolisikia wakibishana wenyewe stejini, wakati mtu anapoanza sentensi kwa kusema "Wayahudi ni watu wa" hivi au vile. Wanamkatiza na maswali niliyoyapigia kelele miaka yote hii, na hawamwachi aendelee mpaka ajibu: Myahudi yupi, mwaka gani, wapi, na nani mwingine alikuwepo ambaye hakuulizwa?